LibreCAD kwa wachora ramani wa Mwanza: ni bure kweli, ila ina masharti yake

Mwangaluka wakuu. Leo naongelea LibreCAD, ile programu ya bure ya kuchorea, maana haipiti wiki kijana hajaja ofisini na flashi mkononi ananiuliza bro una AutoCAD, ile programu maarufu ya kuchorea ya kulipia, ya kukraki, na jibu langu siku hizi ni lilelile. Kama kazi zako ni ramani za nyumba za kawaida, madirisha ya aluminiamu, mageti na grili, hiyo ya kukraki huihitaji, chukua LibreCAD, ijue vizuri, utakabidhi kazi na mteja hatajua umechorea nini. Ila nasema mapema, haimfai kila mtu, na ina mambo yake ambayo ukiyaparamia bila kuelekezwa utaitukana bure tu.

Tuelewane kwanza ni kitu gani. LibreCAD inachora 2D peke yake, yaani michoro bapa ya karatasi, usiitafutie 3D humo. Imetokana na programu nyingine ya kuchorea inaitwa QCAD, lile toleo lake la wazi, mwanzoni ikaitwa CADuntu, na aliyeianzisha alikuwa na mashine yake ya kukatia vitu, akataka programu ya kuiandalia michoro. Nitarudi hapo kwenye mageti. Leseni yake ni GPL toleo la 2, maana yake unaitumia kibiashara bila kumlipa mtu, unaiweka kwenye kompyuta zote za ofisi, Windows, Mac au Linux, na haitokei asubuhi moja ikakwambia muda wako umeisha. Wenzetu Autodesk, wenye AutoCAD iliyotoka mwaka 1982, waliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016, sasa ni kulipia kwa mwezi au kwa mwaka, na kwa bei ya Marekani mwaka mzima unazidi dola 2,000. Programu ni nzuri, hilo sibishi, na kampuni kubwa zinairudisha hiyo hela kirahisi. Ila mchora ramani wa Buhongwa ambaye mteja anamwomba punguzo halafu analipa nusu nusu mpaka msingi uishe, hizo dola atazitoa wapi? Ndo watu wanakimbilia kukraki, na kukraki ukiacha kwamba ni wizi kuna na virusi vyake, kuna vile vinavyojificha kwenye faili la acad.lsp, ambalo AutoCAD inalisoma yenyewe ikifunguka, vinajinakili kwenye folda za michoro, ukimpa mwenzako folda nzima na yeye umemwambukiza.

Mashine haisumbui. Laptopu ya mtumba ya Makoroboi, core i3, RAM 4GB, inafungua LibreCAD kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Mchoro ukiwa mzito ukaanza kukwama kuna kitufe cha kuonyesha mistari yote kwa wembamba bila mapambo, bonyeza hicho wakati unachora, utakizima wakati wa kuprinti. Na kwa huu umeme wetu wa kukatika, ingia kwenye mapendeleo ya programu uweke ijihifadhi yenyewe kila dakika 5, halafu na wewe mwenyewe uwe na mkono wa Ctrl S, betri za laptopu za mtumba mnazijua.

Sasa kwenye matumizi, maana sifa peke yake hazichori nyumba.

Mtu aliyetoka AutoCAD atachanganywa kwanza na kale kaduara kekundu kenye msalaba kanakohamahama. Wengi wanakaona kama uchafu kwenye skrini. Kumbe hako ndo sifuri ya muda, kila ukiandika kipimo chenye alama ya @ mbele LibreCAD inahesabu kutoka kwenye hako kaduara. Kwa hiyo unataka dirisha lianze mita 1.2 kutoka kona ya ukuta, huna haja ya kuchora mstari wa kupimia halafu uje uufute, unahamisha sifuri ya muda unaiweka kwenye kona, unachukua amri ya mstari, unaandika @1200,0 unapiga Enta, mstari unaanzia palepale. Ukitaka kwa pembe unaandika @3000<45, yaani urefu 3000 kwa nyuzi 45. Na unaweza kukafunga kasihame, hiyo inasaidia sana ukiwa unapanga nguzo zote kwa kuhesabu kutoka kona moja. Ukishakaelewa hako kaduara umeielewa nusu ya LibreCAD, na mi nawaambia vijana wetu wakianza wasiguse kitu kingine mpaka wakakaelewa.

Ya pili ni kuandika amri badala ya kutafuta picha. Mausi inachelewesha. Bonyeza spesi kursa inaingia kwenye sehemu ya amri, andika l upate mstari, tm ya kukata kilichozidi, mi ya kugeuza kama kwenye kioo, ro ya kuzungusha. Zinafanana na za AutoCAD kiasi ila hazilingani zote, kwa hiyo usishangae vidole vikikosea mwanzoni. Na kitu ambacho wengi hawakijui, pale inapokuuliza umbali unaweza kuandika hesabu yenyewe, ukaweka 3000+150 au 4350/2 ikapiga yenyewe, we unayekaa na kikokotoo pembeni kiweke kwenye droo. Desimali ni nukta, usiweke koma, koma inatenganisha x na y.

Kwenye kunasa pointi, zile alama za chini zinazofanya mausi ing'ang'anie mwisho wa mstari au katikati, usiziwashe zote. Acha ya mwisho wa mstari, ya makutano na ya katikati, basi. Ya kunasa gridi izime kabisa ukiwa unachora nyumba, maana itakuvuta kwenye nukta ya gridi iliyo jirani na kona na wewe machoni utaona imegusa. Haijagusa. Sogeza karibu uone, kuna upenyo wa milimita 3 hapo, na huo upenyo ndo utakuja kukugomea baadae kwenye hachi, yaani kujaza eneo kwa mistari au rangi. Kona za kuta usizilazimishe kwa jicho, kuna amri ya kukata mistari miwili kwa pamoja, unagusa huu unagusa ule, inakupa kona safi hata kama ilikuwa haijafikiana.

Hachi yenyewe tuiongelee maana hapa watu wengi ndo wanaiacha LibreCAD wanarudi kwenye kukraki. Kwenye AutoCAD unabonyeza katikati ya chumba inajitafutia mipaka. Hapa hapana, unachagua wewe mistari yote inayozunguka eneo, na lazima mistari hiyo ifunge kweli, iguse mwisho kwa mwisho. Kama ukuta mmoja umepitiliza chumba ukaenda mpaka chumba cha pili, programu inausoma wote kama mstari mmoja, kwa hiyo inabidi uukate kwanza kwenye makutano. Inachosha, sikatai. Mi dawa yangu nachora polilaini mpya, yaani mstari mmoja wenye kona nyingi, juu ya eneo ninalotaka kuhachi, kwenye leya yake (tabaka la mchoro) ambayo nimeizuia isiprintiwe, halafu hachi naipa hiyo polilaini. Sekunde chache tu, hakuna kugombana.

Leya nazo. Nimeona ramani za watu kila kitu kimekaa leya 0, ukuta mwekundu, mlango wa bluu, rangi zimechaguliwa kwa hisia. Mteja akisema ondoa samani niprintie ya fundi, unaanza kufuta kitanda kimoja kimoja. Tengeneza leya ya kuta, milango, madirisha, samani, vipimo, maandishi, paa, maji taka, na kila leya ipe rangi na unene wake wa kalamu, kuta zilizokatwa milimita 0.50, milango na madirisha 0.25, vipimo 0.18, halafu ukiwa unachora mistari yote iache ifuate leya, usimpe mstari mmoja mmoja rangi yake. Pembeni ya jina la leya kuna vialama, jicho la kuificha, kufuli, printa ya kuizuia isitoke kwenye karatasi, na kimoja cha kuifanya leya ya ujenzi wa mchoro. Hicho cha mwisho ndo kitamu, mistari yote ya leya hiyo inakuwa mirefu isiyo na mwisho na haiprintiwi, kwa hiyo unaweka mistari ya gridi ya nguzo na mistari ya kushushia madirisha kutoka kwenye plani mpaka kwenye sura ya mbele, mwishoni huhitaji hata kuifuta. Ukishapanga hizo leya mara moja hifadhi faili tupu kama kiolezo uwe unaanzia hapo kila kazi mpya.

Bloku, yaani kichoro unachokitengeneza mara moja ukakitumia mara nyingi, nitapita haraka. Mlango chora mmoja, pointi ya kushikia iweke kwenye bawaba na sio katikati, ugeuze bloku halafu uwe unaiingiza. Ukibadilisha ule wa mwanzo yote inabadilika. Usivunje bloku ili tu urekebishe kimoja.

Hapa sasa nataka nikae kidogo maana ndo panawaumiza watu wa huku, kuratibu za viwanja. Mpimaji anakupa pointi za mawe ya mpaka kwa UTM, ule mfumo wa kutaja mahali kwa mita, kanda ya 36 kusini, na sisi Mwanza tuko karibu kabisa na mstari wa katikati wa hiyo kanda, kwa hiyo namba ya mashariki inakuja kama 490,000 hivi na ya kaskazini kama 9,720,000. Cha kwanza, angalia mpangilio wa safu. Kuna wapimaji wanaandika kaskazini kwanza halafu mashariki, na programu inataka x kwanza, yaani mashariki. Ukizipachika kama zilivyo kiwanja chako kinageuka kama umekitazama kwenye kioo, na kwa kiwanja cha mstatili unaweza usigundue haraka, nyumba unaipanga vizuri kabisa kumbe barabara umeiweka upande wa jirani. Kagua hivi, namba inayoanza na 9 milioni ndo y, mwisho wa maneno.

Cha pili, mpimaji anafanya kazi kwa mita na wewe nyumba unaichora kwa milimita. Ukizikuza hizo namba mara 1,000 unapata y ya bilioni 9 na ushee, mchoro wako unakaa mbali mno na sifuri, na programu za kuchora kwa ujumla, hata hizo za bei mbaya, hazipendi vitu vilivyo mbali sana na sifuri, hachi zinaanza vituko na mistari inacheza ukisogeza karibu. Kwa hiyo punguza kabla ya kukuza. Toa 489,000 kwenye kila mashariki na 9,720,000 kwenye kila kaskazini, baki na namba fupi za mita, ndo uzikuze ziwe milimita. Na zile namba ulizotoa ziandike kwenye mchoro wenyewe, kona ya chini, ili siku mpimaji anarudi kuweka alama za nyumba uwanjani mjue mnaongea lugha moja. Mteja anaweza kuwa ametoka Sengerema huko, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 wanafika kirahisi bila foleni ya kivuko, lakini hiyo haimaanishi apende kurudishwa kwa ajili ya namba mbili.

Na mawe. Huwezi kuchora Mwanza ukajifanya mawe hayapo, kiwanja cha Igogo au mlima wa Mabatini nusu yake ni jiwe moja. Mwambie mpimaji achukue pointi kuzunguka jiwe na kimo cha juu yake, we chora polilaini kwenye leya ya mawe, andika kimo pembeni. Kama hakuna hela ya mpimaji kwa sasa, piga picha ya mchoro wa mkono uliopima kwa tepu, iingize kama picha ya chini, ipanue mpaka kipimo kimoja unachokijua kilingane, halafu fuatisha juu yake. Haitoshi kusimamisha jengo la ghorofa ila inatosha kumwonyesha mteja kwamba sebule yake anayoitaka upande wa ziwa inagonga jiwe, na ataamua mwenyewe apasue au ahamishe. Eneo ukitaka kulijua kuna zana ya kupima eneo la poligoni, unabonyeza kona zote inakupa, kumbuka tu kwenye milimita unagawanya kwa 1,000,000 upate mita za mraba.

Kuprinti. Hapa LibreCAD ina upungufu mkubwa kuliko wote, haina ile karatasi ya pembeni ya AutoCAD ambapo unapanga madirisha kadhaa kila moja na skeli yake. Kuna mchoro mmoja tu na hakikisho la kuprinti ambalo unalipa skeli, tena hiyo skeli uifunge isijibadilishe. Namna ya kuishi nayo ni hii, fremu ya karatasi ichore kwa ukubwa wa kweli uliokuzwa. A3 ni milimita 420 kwa 297, kwa skeli ya 1:100 fremu yako inakuwa 42,000 kwa 29,700, ndani yake nyumba inakaa na nafasi inabaki. Maandishi nayo unayakuza hivyohivyo, unataka yatoke milimita 2.5 kwenye karatasi basi unayaandika kwa urefu wa 250. Vipimo unavipanga mara moja kwenye mapendeleo ya mchoro, urefu wa maandishi, ukubwa wa mshale au ule mkwaju wa wasanifu, vyote vinafuata. Kama unataka plani ya 1:100 na maelezo ya ngazi ya 1:20, ngazi ipe karatasi yake na faili lake. Kuna watu wanalazimisha vikae pamoja kwa kukuza bloku mara 5, mi siwashauri, vipimo vitakuja kusema uongo na fundi anafuata kilichoandikwa.

Halafu mchoro ukishatoka PDF unaenda kwenye steshenari kuprinti, na hapo kazi nzuri inaharibiwa na mtu mwingine kabisa. Dada wa kaunta amezoea kuprinti vyeti na CV, anaweka ijae karatasi, 1:100 yako inatoka 1:104 au hata haina jina. Mwambie dada naomba iwe asilimia 100, saizi halisi, na uwe na rula mfukoni. Ile fremu yako iwekee mstari wa skeli wa mita 5, ukipima kwenye karatasi ya 1:100 lazima uje milimita 50, ukija 47 usilipe. Ukiona kwenye mchoro wa mtu hakuna mstari wa skeli huyo hajawahi kulaumiwa na fundi. Na ukichora kwa A1 halafu mteja akaprintiwa A3 ili apunguze gharama, skeli inageuka nusu, 1:100 inakuwa 1:200, kwa hiyo iandike skeli pamoja na saizi ya karatasi, 1:100 kwa A1, ili mtu asipime kwa rula akaja kukulaumu.

Kwa upande wa DWG, yaani aina ya faili la AutoCAD, niwe mkweli, hapa nyota inashuka. LibreCAD nyumbani kwake ni DXF, aina ya faili la kubadilishana michoro kati ya programu. DWG inajaribu kuisoma, ya zamani inaweza ikafunguka, mpya za siku hizi usiziwekee matumaini, na kuandika DWG haiandiki. Sasa injinia wa mahesabu ya nguzo na zege yuko AutoCAD, anakutumia DWG, wewe umekaa. Njia ni mbili. Mwombe kwa adabu, injinia naomba unihifadhie kama DXF ya 2000 au 2007, kwake ni sekunde. Au weka kile kigeuzi cha bure cha Open Design Alliance, unampa folda ya DWG anakupa folda ya DXF. Kinafanya kazi vizuri, ila fonti zitabadilika maana LibreCAD ina fonti zake, maandishi ya Arial yanaweza kutoka nje ya jedwali, pitia kwa macho kabla hujamtumia mtu. Kama kazi zako nyingi ni za kushirikiana na ofisi kubwa, faili zinaenda zinarudi kila siku, usijitese, hapo lipia programu inayoongea DWG, hata zile mbadala za AutoCAD zipo na ni nafuu zaidi.

Kwenye mageti sasa LibreCAD inarudi kifua mbele. Mafundi wenye mashine za plazima za kukata bati na vyuma wanataka DXF, yaani unachochora ndo kinachoingia kwenye programu ya mashine bila kugeuzwa. Ua la geti, jina la familia, sangara anaruka, chochote. Masharti yake ni umbo lifunge, na mistari isilaliane, maana mistari miwili juu ya mmoja mashine inaweza kupita mara mbili na chuma kinaungua kingo. Vipande vipande vya mistari viunge viwe polilaini moja, kuna amri ya kutengeneza polilaini kutoka kwenye mistari iliyopo. Mikunjo laini ya splaini baadhi ya mashine haziipendi, muulize fundi kabla, akisema hazipendi chora kwa tao. Na herufi kama O na A zina tundu la katikati ambalo litadondoka lote, ziachie vidaraja vya kushikilia. Wa aluminiamu nao wanafaidi, dirisha la kuslaidi likichorwa kwa vipimo vya kweli fundi anatoa urefu wa kukata kila kipande hapohapo kwenye mchoro, mabaki ya profaili yanapungua.

Nyota nampa 4 kati ya 5 kwa mtu wa kazi ndogo na za kati, ile moja nimeikata kwa ajili ya karatasi na DWG. Kwa ofisi ya uhandisi nampa 2, na sina ugomvi na mtu atakayempa 1. Kwa mwanafunzi wa SAUT pale Malimbe au wa VETA jibu ni tofauti kidogo, Autodesk wanatoa leseni ya bure ya masomo ya mwaka mmoja mmoja unayoihuisha ukiwa bado mwanafunzi, ichukue ujifunze maana ndo utakayoikuta kwenye usaili wa kazi, ila hairuhusiwi kufanyia kazi za kulipwa, kwa hiyo ramani ya mjomba ya kulipwa ichore kwenye LibreCAD. Anayetaka 3D aangalie FreeCAD, nayo ni bure, toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024 baada ya miaka zaidi ya 20 ya kujengwa, ila hiyo inataka mashine yenye nguvu kidogo na uvumilivu mwingi, siku nyingine nitaiandikia.

Halafu kuna wanaoniuliza kama Jiji watakubali ramani ya LibreCAD. Anayepokea maombi ya kibali anaona karatasi au PDF, haoni ulichorea nini. Anachotafuta ni mchoro uliokamilika na mihuri ya wanaotakiwa kugonga, msanifu aliyesajiliwa na bodi yao ya AQRB na injinia aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB, pale jengo linapohitaji, na mhuri hakuna programu inayokupa, ya bure wala ya dola 2,000.

Kuipata ingia librecad.org penyewe, kuna kitufe cha kudaunlodi pale mbele, faili ni dogo hata bando la siku linatosha. Usichukue kwenye flashi ya mtu wala kwenye zile tovuti zenye vitufe vya kijani kumi, kitu ni cha bure kwa mwenyewe, wa nini upitie kwa mtu kati.